Usianze na gauni

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo, Dodoma mjini, na mtoto akisema anataka kitu, akili yangu hukimbilia kitambaa kwanza. Ndiyo maana siku ile binti yangu, akiwa na miaka 8, aliponionyesha kwenye simu wasichana wa balei, ile densi ya Ulaya, wanaozunguka juu ya ncha ya kidole na kusema, "Mama, mimi nataka hii," sikumuuliza inafundishwa wapi. Nilimnyang'anya simu nikakuza picha nione ile sketi imesimamishwa na nini.

Usiku uleule nikakata neti. Nilimshonea kitu cha pinki kilichosimama kama mwavuli uliogeuzwa na upepo wa Julai, na Nkuhungu nzima ikakiona, maana alitoka nacho dukani, bombani, kwa shangazi yake, mpaka kikanasa kwenye msumari wa mlango kikaishia hapo. Ilipita miezi mitano kabla hatujapata mtu wa kumfundisha hata kusimama.

Sasa ana miaka 13, bado anacheza balei, na mimi nimekuwa yule fundi anayeletewa picha. Kina mama wanaingia kibandani na simu mkononi: "Fundi, nishonee hii, mwanangu anataka kuanza balei." Nawauliza, anafundishwa na nani? Bado. Wapi? Bado. Basi nawaambia hela ya gauni wakae nayo. Mume wangu anasema nafukuza riziki. Labda. Lakini nimechoka kuyasema haya mguu ukiwa kwenye pedali, kwa hiyo leo nayaandika yote kwa mkupuo.

Uliza sakafu kabla hujauliza ada. Mimi hakuna aliyeniambia hili, na hata ningeambiwa ningecheka. Darasa tulilolipata lilikuwa la Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kukodi Area D, ukumbi ambao jioni yake unapigwa muziki wa sendofu. Ukifika mapema unakuta vitambaa vya mapambo bado vinaning'inia ukutani na harufu ya pilau haijatoka. Tailizi zinang'aa, ukijitazama unajiona. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Mwalimu, dada mmoja aliyejifunza Nairobi na kuletwa Dodoma na uhamisho wa mumewe serikali ilipohamia huku, alivua viatu, akaruka mara moja katikati ya ukumbi, akatulia kama anasikiliza kitu, kisha akatikisa kichwa.

Chini ya tailizi kuna zege, na zege halipokei kitu. Mtoto akitua, kishindo chote kinamrudia yeye, kwenye muundi na kwenye goti. Sakafu ya kuchezea balei hujengwa ikiwa na uwazi chini, mbao juu ya mbao, ili ibonyee kidogo mtu anapotua, na juu yake hutandikwa kapeti la plastiki lisiloteleza. Sisi hatukuwa nayo. Miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo, hakuna mtoto aliyeruka. Tulinung'unika. Mzazi mmoja akasema wazi, tunalipa elfu arobaini kwa mwezi watoto wakunje magoti? Mimi nilikuwa wa pili kusema.

Mwalimu hakubishana nasi. Alituomba tuvue viatu, turuke mara kumi palepale. Mimi na kilo zangu nilifika nne nikashika kiuno. Wiki iliyofuata tukachangishana. Seremala wa Chang'ombe akatengeneza fremu za mbao, kila moja futi nne kwa nane kwa kuwa ndiyo saizi ya plaiwudi, akagongelea vipande vya mpira wa tairi chini, na juu tukatandika kapeti la plastiki lile linalouzwa kwa mita. Fremu zinapangwa asubuhi na kuondolewa mchana kabla wapambaji hawajaingia. Reli ya kushikilia wakati wa mazoezi alituchomelea fundi mageti wa mtaani kwetu, kwa bomba la maji lenye miguu miwili. Watoto wanaliita bomba, na kila nikisikia mwalimu akisema "Haya, kwenye bomba," nawaona wamepanga ndoo.

Kwa hiyo ukienda kuangalia darasa la mwanao, vua viatu uruke. Kama pamekaza kama barabara, muulize mwalimu watoto watarukia wapi. Atakachokujibu kitakuambia mengi kuliko cheti alichotundika.

Angalia pia mikono yake iko wapi. Nimewahi kumwona mtu, si katika darasa letu, amemkalia mtoto mgongoni ili msamba ushuke chini, mtoto analia, mama yake anarekodi. Ondoka. Msamba wa kulazimishwa haumfanyi mtu mchezaji, unamfanya mgonjwa. Kwenye balei miguu hugeuzwa itazame nje, na kazi hiyo inatakiwa ianzie kwenye nyonga. Nyonga ikigoma na mtoto akalazimisha nyayo tu, linalopindishwa ni goti. Mimi nilielewa kwa njia ya kitambaa: ukikata suruali nje ya uzi, utaipiga pasi mpaka mkaa uishe, mguu utajipinda tu. Mwalimu wetu ana watoto ambao nyayo zao hazifunguki kama za kwenye picha, na amewaacha hivyo hivyo, wanafungua kadiri nyonga inavyoruhusu. Wazazi wengine waliona ni uvivu wake. Wakahamisha watoto.

Majina ya mazoezi yote ni ya Kifaransa, kwa sababu ni mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, aliyeanzisha chuo cha kwanza cha densi hii mjini Paris mwaka 1661, na lugha ikabaki ya nyumbani kwake. Plie ni kukunja magoti, tandu ni kunyoosha mguu ukiburuta sakafuni, releve ni kujiinua. Usihangaike kuyakariri. Mimi nilijaribu, nikawa kichekesho cha mezani.

Kilichonifumbua macho mimi mwenyewe ni bando la elfu mbili. Tangu 2014 kuna siku moja kila mwaka, aghalabu Oktoba au Novemba, ambapo makundi makubwa ya balei duniani hurusha mazoezi yao mtandaoni bure. Wanaiita World Ballet Day. Tulikaa kitandani, simu tumeiegemeza kwenye sufuria, tukawaangalia watu wa Royal Ballet ya London. Watu wazima, wanaolipwa mshahara, majina yao yako kwenye mabango. Wakaanza na nini? Kukunja magoti, wameshika bomba lao. Wamevaa soksi zilizochoka na masweta yenye matundu, wengine wamejifunga shuka kiunoni kama mtu anayesubiri maji yachemke. Gauni hata moja halikuonekana. Binti yangu akanigeukia: "Mama, kumbe na wao kila siku?" Kuanzia hapo manung'uniko ya kukunja magoti yaliisha nyumbani kwangu. Mwalimu yeye alikuwa ameyasikia ya kutosha tayari.

Sasa niseme la viatu, maana hili liliniuma na hela.

Mtoto akiwa na miaka 9, mwaka mmoja tu darasani, nilitaka kumfurahisha. Nilimtuma mdogo wangu aliyeko Dar anitafutie vile viatu vya kusimamia ncha ya vidole, vile vyenye utepe. Akavipata kwa mtu. Nililipa 185,000, hela ya oda nzima ya sare za kwaya. Vilikuja na gari la usiku vimefungwa kwenye gazeti, vinang'aa kama maganda ya kitunguu, na mbele vimekauka kama mbao. Mimi mwenyewe nikashona utepe, mshono mdogo mdogo usioonekana, nikajisifu. Jumamosi tukaenda navyo kimyakimya ili tumshtue mwalimu.

Alivishika, akavigonga kwenye bomba, ko, ko, akavirudisha kwenye mfuko. "Mama, hivi tuviweke."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Afike kumi na moja, kumi na mbili. Halafu nitamtazama tena. Naweza nikasema bado."

Mtoto alilia njia nzima, kwenye bajaji, mpaka dereva akauliza kama kuna msiba.

Baadaye alinieleza taratibu. Mifupa ya mguu wa mtoto wa miaka 9 haijakomaa, sehemu zake bado laini. Na ile ncha ngumu ya kiatu si chuma wala mti, kama nilivyodhani; ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoganda kwa gundi. Haikubebi. Kinachokubeba ni kifundo cha mguu, tumbo na mgongo uliojengwa miaka kadhaa kwenye viatu laini. Mtoto ambaye hawezi kujiinua polepole kwa mguu mmoja, tena na tena, bila kuyumba, akivaa kiatu hicho ananing'inia tu juu ya vidole vyake. Tena hakinunuliwi kwa kutuma mtu: kinapimwa mguuni, upana, urefu wa vidole, upinde wa unyayo, kwa mtu ambaye mwalimu amekwisha kumruhusu. Na hakidumu. Mchezaji wa juu anaweza kumaliza jozi moja kwa onyesho la usiku mmoja. Niliposikia hilo nilifikiria sare za kwaya nikanyamaza.

Kwa mwaka wa kwanza, na wa pili, mnunulie viatu laini vya kitambaa au ngozi vinavyokunjika kama soksi, nguo moja ya kubana, na taiti. Basi. Vingine vyote vya mtumba vinafaa. Nguo ya kubana naishona kwa laikra, mita moja inatosha mtoto na kipande kinabaki. Wapo wazazi wanaoniuliza kwa sauti ya chini habari ya stara. Nimewashonea mikono mirefu, shingo ya juu, na kisketi chepesi cha kufunga. Mwalimu hana shida navyo, anachotaka ni kuona goti na mgongo. Kuna binti anafanya mazoezi na hijabu iliyobanwa vizuri nyuma, na ndiye mwenye mizunguko iliyonyooka kuliko wote.

Rangi ya viatu ina mambo yake. Ile pinki tunayoiona ya kike ilichaguliwa ifanane na ngozi ya mchezaji wa Ulaya, ili mguu uonekane mstari mmoja kutoka nyonga mpaka kidoleni. Mvalishe mtoto wetu taiti na viatu vya pinki, miguu inakuwa rangi moja na mikono rangi nyingine. Kundi la Dance Theatre of Harlem la New York, lililoanzishwa 1969 na Arthur Mitchell na Karel Shook, liliamua miaka ya 1970 kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi za wachezaji wenyewe. Viwandani ilichukua muda mrefu zaidi: hapo Uingereza, kiwanda cha Freed kikishirikiana na kundi la Ballet Black kilitoa viatu vya ncha vya kahawia mwaka 2018. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanapaka faundesheni kwenye viatu vyao.

Na sisi tunapaka. Vya kahawia sijaviona madukani kwetu, kwa hiyo siku moja kabla ya onyesho tunatandika gazeti kibandani. Nilianza na majani ya chai, nikachemsha mpaka yakawa meusi tii, kiatu kikatoka na mabaka kama ukuta uliovuja. Tukahamia faundesheni, ile ya chupa ya bei ya chini, matone kadhaa kwenye sponji, unagongagonga, hupaki. Ukipaka, inaacha mistari. Kila mtoto analetewa ya rangi yake, na hapo ndipo utakapowasikia wakibishana nani mweusi kuliko nani huku wakichekana. Ikikauka unarudia. Utepe usiusahau, maana kuna mwaka tuliusahau.

Haya, sasa nije kwenye swali ambalo wazazi wanalianza kwa kuzunguka: huyu mtoto atafika wapi? Dodoma hakuna kundi la balei linalolipa mishahara. Anayetaka kwenda mbali lazima ajue makundi ya huko yanaishije, na mimi ilinigharimu kujua.

Kundi kubwa lina msimu, kama ligi. Ulaya kwa kawaida msimu huanza Septemba hivi na kufungwa Juni au Julai, na ratiba yake hutangazwa miezi kabla: kazi kubwa za zamani kama Swan Lake na Giselle, jioni za kazi fupi mpya, na Desemba wengi wao The Nutcracker, iliyochezwa kwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1892. Hiyo ya Desemba ndiyo mavuno yao, kama zabibu kwetu. New York City Ballet huicheza kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka mwanzoni mwa Januari, na watoto unaowaona jukwaani wanatoka shule ya kundi lenyewe, School of American Ballet. Na hapa kuna jambo ambalo sikulitegemea: shule ndiyo ilitangulia. Hiyo ya New York ilifunguliwa 1934, kundi likafikia jina lake la sasa 1948. London vilevile, mwanamke aitwaye Ninette de Valois alifungua shule 1926, kundi likafuata 1931, ndilo Royal Ballet ya leo. Hata wale wa Harlem walianzia kufundisha watoto kwenye gereji. Wanakuza wachezaji wao wenyewe, polepole, tangu wakiwa wadogo.

Kwa hiyo tangazo la msimu mpya likitoka, usiishie kwenye picha. Shuka mpaka sehemu ya shule. Hapo utakuta umri wanaoupokea, tarehe za usaili, video ioneshe mazoezi gani, na malipo ya maombi yanafanyikaje. Royal Ballet School wana bweni la watoto kuanzia miaka 11. Mashindano ya Prix de Lausanne ya Uswisi, yaliyoanza 1973, ni ya miaka 15 hadi 18, na mchujo wa kwanza ni wa video. Mambo haya yameandikwa, yana tarehe, na yanafanana mwaka hadi mwaka. Ukiwa na tarehe hizo ukutani, mtu hawezi kukudanganya kirahisi.

Mimi sikuwa nazo ukutani. Mwaka juzi nilipata ujumbe wa WhatsApp, Kiingereza kimenyooka, nembo juu, kwamba binti yangu amechaguliwa kujiunga na shule ya kundi moja kubwa kwa msimu mpya, nafasi mbili tu kwa Afrika nzima, nitume 150,000 ya kushikilia nafasi kwa namba ya simu ya hapahapa nchini. Namba ya hapahapa! Hilo peke yake lilitosha kunishtua, ila furaha haina macho. Nilituma. Nikamwambia mama yangu, nikamwambia mchungaji, nikamwambia na muuza mkaa. Jumamosi nikamwambia mwalimu, naye akauliza swali moja: "Walimwona akicheza wapi?"

Hawakumwona popote. Kitu pekee cha mtoto wangu kilichokuwa mtandaoni ni ile picha ya zamani niliyoiweka mwenyewe Facebook, amesimama mlangoni na sketi ya neti. Walikuwa wamechagua sketi yangu.

Mtu atasema, mbona yule kijana wa Lagos alionekana kwa simu tu? Ni kweli, Anthony Madu alirekodiwa mwaka 2020 akicheza pekupeku kwenye mvua, video ikazunguka dunia, na akapata shule Uingereza. Lakini mvua ile ilimkuta yuko darasani. Alikuwa mwanafunzi wa Leap of Dance Academy, darasa ambalo Daniel Ajala alilifungua Lagos mwaka 2017. Video ilionesha kazi ambayo ilikwisha kufanyika. Na kabla hujaota London, Nairobi iko barabara moja na sisi: Dance Centre Kenya wamekuwa wakicheza The Nutcracker mwisho wa mwaka pale Kenya National Theatre, watoto wengi jukwaani. Nasi tuna TaSUBa, Bagamoyo, chuo cha sanaa tangu 1981, kwa yule ambaye baadaye ataona kwamba anachokipenda ni kucheza, si lazima balei.

Kuhusu wavulana nitasema kidogo. Mpwa wangu alianza mwaka mmoja baada ya binti yangu, na mitaani walimchosha kwa majina. Baba yake alitaka kumtoa. Mwalimu alimwalika baba aje amwone akiruka, akaja amenuna, akaondoka akimuuliza mtoto anakula nini. Wanaume wa Kigogo wanaruka na njuga miguuni na hakuna anayewauliza uanaume wao, sasa sijui kwa nini kuruka bila njuga kuwe tatizo.

Na usimtoe mtoto kwenye ngoma ya shule eti kwa sababu anasoma balei. Nilikaribia kufanya kosa hilo. Pasaka moja tulienda kwa mama yangu, Mvumi, na mtoto akamchezea bibi yake uani, bila muziki, anahesabu kimoyomoyo. Mama ni mtu wa muheme, ngoma ile ambayo wanawake wetu wanaibana mapajani na kuipiga. Alimtazama mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akauliza:

"Mbona haimbi?"

"Bibi, sisi hatuimbi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, bibi."

"Sasa watu watajuaje umefurahi?"

Mtoto hakujibu. Lakini tuliporudi nilimsikia akimuuliza mwalimu swali hilohilo, na mwalimu akalifanyia kazi karibu muhula mzima, uso, shingo, mabega, jinsi ya kumaliza mkono mpaka kwenye kucha. Amewahi kuniambia kwamba watoto waliopitia ngoma wanaushika mdundo wiki ya kwanza, wale wengine anawahesabia mpaka sauti inakauka. Kuna tamasha la muziki wa Kigogo hufanyika Chamwino. Siku hizi tunawapeleka.

Gauni nalo lilifika, msinione nalichukia. Mwaka wa nne mwalimu aliniagiza manane kwa ajili ya onyesho la mwisho wa mwaka. Nilipanda treni ya mwendokasi asubuhi, nikaingia Kariakoo, jioni nikawa nimerudi na majora mawili ya neti ngumu. Hapo ndipo nilipojifunza ile sketi imesimamishwa na nini. Ni neti tabaka kumi au zaidi, kila moja imetiwa marinda peke yake na kushonewa kwenye chupi ya kitambaa kigumu, ya chini kabisa fupi kama vidole vitatu, zinazidi kurefuka kwenda juu, za chini zinazibeba za juu. Halafu unazikamata zote kwa mkono, mishono mirefu iliyolegea, ili zilale pamoja. Nyuma huweki zipu, maana ikipasuka jukwaani umeumbuka. Unaweka kulabu, safu mbili au tatu, na mwakani atavaa mtoto mwingine mnene zaidi. Unaitunza kwa kuigeuza kichwa chini. Moja ilinichukua siku nne, na nina miaka kumi na saba kwenye cherehani. Ile ya kwanza niliyoikata usiku mmoja ilikuwa chandarua.

Muda mfupi baada ya onyesho hilo mwalimu alimwambia binti yangu kwamba sasa anaweza kuanza viatu vya ncha, dakika kumi, ameshika bomba. Alikuwa ametimiza miaka 12. Tukavitoa vile vya 185,000 kabatini. Kisigino hakikuingia. Vilikuwa vidogo kwa namba tatu, na hata vingeingia, mwalimu alisema, ni vyembamba, havikuwa vya mguu wake tangu siku ya kwanza.

Viko hapa kibandani, vimening'inia kwa utepe wao kwenye msumari kando ya cherehani. Wateja wanaviulizia bei, siviuzi. Ile ncha ya gundi inashika pini vizuri ajabu, na ndani ya kimoja naweka chaki.